Kilua na Asumini: Maua Mawili, Majina Mawili na Historia ya Kikuba cha Ng'ambo, Unguja

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha maua mawili yanayokutana katika kikuba cha Waswahili: kilua na asumini. Kibotania, mimea inayoyazaa iko mbali kabisa kiukoo. Kiisimu, majina yake yamepita njia zinazopingana: moja lilitoka nje likaingia katika Kiswahili, jingine lilitoka katika Kiswahili likaingia katika Kilatini cha wanabotania. Kwa kuitazama mitaa ya Ng'ambo, hususan Jang'ombe, makala yanadai kwamba tofauti za maumbile ya maua haya zina uzito katika uhakiki wa fasihi, na kwamba fasili za kamusi zinazoyafanya yote kuwa "ua linukialo" zinamnyima msomaji sehemu ya maana.

Utangulizi

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili amezoea kukutana na maua. Huyakuta katika tendi za Pate na Lamu, katika nyimbo za harusi, katika taarabu ya Unguja na katika mashairi ya magazetini. Kwa mazoea hayo hayo amefundishwa kuyasoma yote kwa namna moja: ua ni mwanamke, ni uzuri, ni ujana, na mwisho wake ni kunyauka. Usomaji huo wakati mwingine unatosha. Katika mbolezi yake "Amina", Shaaban Robert anamlinganisha mkewe marehemu na ua bila kulipa ua hilo jina, na shairi halipungukiwi na kitu kwa sababu hiyo. Lakini si kila mtunzi anayetaja ua anataja ua tu. Anayesema asumini hasemi waridi, na anayesema kilua hasemi asumini. Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, anapomwelekeza juu ya kujipamba na kuyapamba malazi, anaitaja asumini kwa jina lake, na anaitaja pamoja na kitendo kinachoihusu, yaani kuitunga. Asingeweza kuweka kilua mahali hapo bila kubadili kitendo.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umejishughulisha sana na asili ya taswira za maua, hasa kwa swali la kama zimetokana na ushairi wa Kiarabu na Kiajemi. Swali hilo halina ubaya, ila limezoeleka kiasi cha kulifunika jingine lililo la msingi zaidi: mtunzi na hadhira yake walikuwa wakiliona na kulinusa ua gani? Kulijibu hakuwezekani bila kwenda kwenye mimea yenyewe.

Mimea miwili iliyoachana zamani

Asumini ya Unguja, ile itungwayo na kuuzwa kwa ajili ya harusi, ni Jasminum sambac, wa familia ya Oleaceae. Ndugu yake maarufu kabisa duniani ni mzeituni, jambo linalomshangaza mtu yeyote aliyezijua zeituni mezani tu. Ndugu wa karibu zaidi hapa pwani ni mwafu, ambao maua yake, afu, nayo yana nafasi yake katika ushairi wa kale. Kilua ni ua la mkilua, Mkilua fragrans, wa familia ya Annonaceae. Ndugu zake hawahitaji utambulisho kwa Mzanzibari: mstafeli, mtopetope na mlangilangi.

Umbali wa kiukoo baina ya mimea hii si mdogo. Carl Linnaeus, alipochapisha Species Plantarum mwaka 1753, aliigawa mimea kwa kuhesabu viungo vya uzazi. Asumini, aliyoiita Nyctanthes sambac, aliiweka katika daraja la maua yenye stameni 2. Mwaka 1789 William Aiton ndiye aliyeihamishia kwenye jenasi Jasminum. Mimea ya familia ya kilua aliyoijua Linnaeus iliangukia daraja la mwisho wa hesabu yake, la maua yenye stameni nyingi zisizohesabika kwa urahisi. Mpango huo wa kuhesabu ulikwisha kuachwa zamani, lakini katika jambo hili uligusa ukweli. Kwa muda mrefu baadaye mimea hii miwili ilikaa pamoja ndani ya kundi kubwa la mimea yenye ghala mbili katika mbegu. Mwaka 1998 kundi la wanabotania lijulikanalo kwa kifupi APG lilitoa uainishaji uliojengwa zaidi juu ya ushahidi wa vinasaba, na ikadhihirika kwamba kundi hilo kubwa halikuwa ukoo mmoja. Kilua na jamaa zake, pamoja na mimea kama mdalasini na pilipili manga, wako katika tawi lililojitenga mapema. Asumini iko katika tawi jingine, pamoja na mimea kama rehani na ufuta. Matawi hayo yaliachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Hata chembe za chavua zinalionyesha hilo: katika tawi la asumini asili ya chembe ni kuwa na matundu matatu, na katika tawi la kilua asili ni tundu moja.

Kwa jicho tupu tofauti ni kubwa vile vile. Petali za asumini zimeungana chini zikawa mrija mwembamba, ndipo zikafunguka juu. Ni mrija huo unaopitisha uzi. Tumba hufunguka jioni, ua likawa jeupe na kunukia usiku kucha, kisha likaanza kugeuka rangi na kudondoka. Kilua hakina mrija. Kama ilivyo kawaida ya familia yake, petali zake zimesimama mbalimbali, kila moja peke yake, juu ya kishada cha stameni nyingi, na katika familia hiyo uchavushaji aghalabu ni kazi ya mbawakawa, si ya nondo wa usiku wanaovutwa na weupe. Kilua hakina weupe huo. Hujulikana kwa pua kabla ya jicho.

Basi kwa nini maua yaliyoachana hivyo yakakutana katika kikuba kimoja? Jibu la sehemu limo katika kemia. Mafuta ya asumini na mafuta ya langilangi, jamaa wa kilua, yote yana kwa wingi kiambata kimoja kiitwacho benzili asetati. Mimea miwili isiyo na ujamaa wa karibu imefika kwenye harufu zinazokaribiana kwa njia mbili tofauti. Watengeneza manukato wa Ufaransa waliligundua hilo kibiashara: Chanel No. 5, iliyotolewa mwaka 1921, inachanganya yasmini na langilangi. Wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki waliufikia mchanganyiko wa aina hiyo bila maabara.

Safari mbili za majina

Neno asumini halina utata wa asili. Ni yāsamīn ya Kiajemi, iliyopita Kiarabuni. Linalofaa kuangaliwa ni namna lilivyotengenezwa lilipofika. Upande wa Lamu na Mombasa husikika asmini na yasmini. Unguja ni asumini. Kuingizwa kwa irabu kati ya s na m si jambo la lazima katika Kiswahili, kwani rasmi limebaki rasmi. Katika isimu, kutokana na ism, irabu iliyoingia imefuata irabu iliyotangulia. Katika asumini irabu iliyoingia ni u, nayo inaelezeka kwa ujirani wa m, sauti ya midomo, kama ilivyo mwishoni mwa salamu na haramu. Likisha kuwa jina la ua, likazaa jina la mti kwa kanuni ya wenyeji: mwasumini, sawa na waridi na mwaridi. Mgeni alipewa ngeli akakaa.

Nusu ya pili ya jina la kisayansi, sambac, ni Kiarabu pia, zanbaq. Wazungu wengi waliliita ua hili yasmini ya Arabuni, ilhali asili ya mmea ni Asia ya Kusini. Jina lilifuata bandari ya mwisho, si shamba la kwanza. Na kosa hilo si la Wazungu peke yao, maana hata pwani yetu vitu vingi vimeitwa kwa majina ya watu waliovileta. Asumini imeendelea kusafiri: Ufilipino imeifanya ua la taifa tangu 1934 kwa jina la sampaguita, na Wachina hunukisha chai kwayo. Kote huko imesafiri mikononi mwa watu, kwa vijiti vilivyokatwa na kupandwa upya, maana aina zilizofugwa ni nadra kuzaa matunda.

Kilua kilikwenda njia ya kinyume. Mmea wake ni wa misitu ya mwambao wa Kenya na Tanzania, nao ulikuwa ukijulikana na kutumiwa kabla ya kuwa na jina katika vitabu vya sayansi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1970 na Bernard Verdcourt, mwanabotania Mwingereza aliyefanya kazi Afrika Mashariki kwa miaka mingi kabla ya kwenda Kew. Aliona kwamba mmea huu haukai ndani ya jenasi yoyote iliyokuwapo, akaiundia jenasi yake, na badala ya kutafuta mizizi ya Kigiriki au jina la mfadhili akachukua neno la Kiswahili kama lilivyo: Mkilua. Mwaka uliofuata aliuingiza katika juzuu ya Annonaceae ya Flora ya Afrika Mashariki ya Tropiki.

Kiisimu jina hilo lina mambo. Jina la mti kwa kawaida hupatikana kwa kutanguliza m- mbele ya jina la tunda au ua: nazi na mnazi, chungwa na mchungwa. Kilua tayari kina ki- ya ngeli, kwani wingi wake ni vilua. Lakini ki- hiyo haikung'oka mti ulipopewa jina. Imebebwa kama sehemu ya shina. Kwa hiyo jenasi ya Verdcourt inasimama katika Kilatini cha wanabotania ikiwa na viambishi viwili vya ngeli za Kibantu, m- na ki-, na ikianza kwa m iliyo silabi peke yake, jambo lisilo na mfano katika Kilatini chenyewe. Wingi wake, mikilua, hauna pa kwenda huko. Wapo wanaovutwa kulitafuta neno ua ndani ya -lua. Kishawishi kinaeleweka, ila mfanano wa sauti peke yake haujawahi kuwa hoja katika etimolojia ya Kibantu.

Uzito wa uamuzi wa Verdcourt unaonekana zaidi ukiwekwa kando ya ua la tatu la kikuba. Mkadi wa pwani ni Pandanus kirkii, kwa heshima ya John Kirk, daktari na mkusanyaji wa mimea aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar hadi 1886. Ndani ya kifurushi kimoja cha mwanamke wa Unguja, sayansi imeandika jina la Kiajemi lililopita Arabuni, jina la konseli wa Kiingereza, na neno moja la Kiswahili. Familia ya kilua imepata bahati ya pili tangu hapo. Mwaka 2009 jenasi mpya kutoka misitu ya pwani ya Tanzania iliitwa Mwasumbia, kwa heshima ya Leonard Mwasumbi, mwanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Jang'ombe: ua na ua

Kiswahili kina ua lenye wingi maua, na kina ua lenye wingi nyua, yaani uwanja uliozungushiwa nyuma ya nyumba. Ni maneno mawili, ya ngeli mbili, na hayana undugu unaojulikana. Katika historia ya Jang'ombe, hata hivyo, moja halielezeki bila jingine.

Jang'ombe ni sehemu ya Ng'ambo, ule mji uliokua ng'ambo ya hori lililoutenga Mji Mkongwe kabla hori hilo halijafukiwa. Ng'ambo ilikuwa mji wa nyumba za udongo na makuti, wa mafundi, wachukuzi, wavuvi na watumishi, na baada ya amri ya 1897 iliyoondoa uhalali wa utumwa, wa watu wengi waliotoka mashambani kutafuta maisha yao wenyewe. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ni mmoja tu wa waliohamia mjini katika kizazi hicho. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu burudani na siasa za Zanzibar, ameonyesha jinsi mavazi yalivyokuwa lugha ya kudai heshima: wanawake ambao mama zao walivalia kaniki walivaa kanga, na baadaye buibui. Manukato hayakupewa nafasi kubwa katika hoja hiyo, nayo yanastahili. Udi, ambari na mafuta ya waridi vilinunuliwa, na si kwa bei ndogo. Emily Ruete, aliyezaliwa Sayyida Salme, anaandika katika kumbukumbu zake za 1886 juu ya wingi wa manukato katika majumba ya kifalme, na wingi huo ulikuwa na gharama zake. Kikuba kilidai kitu kingine: mwasumini nyuma ya nyumba, mrehani kando ya kisima, na jirani mwenye mkilua. Kilidai ua, kwa maana zote mbili.

Hapa kuna mtego ambao wengi wangeuingia. Ni rahisi kukifanya kikuba mfano wa jamii ya Zanzibar: asumini mgeni kutoka ng'ambo ya bahari, kilua mwenyeji wa Afrika, vimefungwa pamoja kwa jani moja, basi umoja umepatikana. Taswira hiyo inapendeza na haina kazi. Katika ua wa nyumba ya Jang'ombe yote mawili yalikuwa mimea ya kupandwa, na familia nyingi zilizoipanda nazo zilikuwa zimefika kutoka mahali pengine. Aliyeokota asumini alfajiri hakuwa akiokota Uarabu, na aliyechuma kilua hakuwa akichuma Uafrika. Alikuwa akitayarisha harusi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 sura ya Ng'ambo ilibadilika. Majumba ya ghorofa yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, Kikwajuni na Kilimani kwanza, kisha safu ndefu za Michenzani katika miaka ya 1970. Jang'ombe kwa sehemu kubwa ilibaki na nyumba zake za chini, ingawa nyua zake zimeendelea kupungua kila vyumba vinavyoongezwa. Ghorofa ilileta maji ya bomba na umeme, ikaondoa uwanja wa nyuma. Asumini iliweza kuvumilia: kijiti chake hushika katika kopo au debe, kikawekwa barazani. Mkilua ni kichaka kikubwa, pengine mti mdogo, na unataka ardhi. Hivyo maua mawili yaliyokuwa na daraja moja katika kikuba hayakuwa na uwezo mmoja wa kuhimili mji uliobanana, na hilo halikutokana na ladha ya watu wala na wimbi la fasihi, bali na mizizi ya mimea yenyewe.

Kutunga na kufunga

Tofauti za maumbile zinaingia moja kwa moja katika lugha ya ushairi. Asumini hutungwa, na shairi hutungwa. Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja kwa kazi zote mbili, kama Kiarabu kinavyoitumia nadhama kwa kupanga lulu katika uzi na kwa kupanga maneno katika mizani. Koja la asumini ni maua yaliyo sawa, yamepangwa kwa idadi, kila moja likishika nafasi yake kwa sababu ya mrija ulioumbwa nalo. Mtunzi anayemtumia mpenziwe koja la asumini katika beti zake anasema jambo juu ya beti hizo pia. Na kwa kuwa ua hilo hufunguka jioni na kuchakaa mapema, linabeba saa yake ndani yake. Asumini katika shairi la mapenzi ni usiku mmoja. Anayeisoma kama "uzuri unaopita" kwa jumla ameikosa saa hiyo.

Kilua hakitungwi. Hufungwa ndani ya kikuba, au hutiwa baina ya nguo, na aliye nacho hajulikani kwa macho. Taswira zake kwa hiyo zinaelekea kwenye siri, kwenye uwepo usioonekana, kwenye mtu anayejulikana kwa sifa kabla ya kukutana naye. Hii ndiyo sababu kilua hakikuweza kushindana na waridi na asumini katika taarabu ya jukwaani, inayopenda taswira za kuonekana. Makazi yake ni utumbuizo, wimbo wa ndani, maneno ya somo kwa mwari. Mhakiki anayehesabu mara ngapi ua limetajwa katika diwani na rekodi atahitimisha kwamba kilua kilikuwa ua dogo. Atakuwa amepima fani zilizoandikwa na kurekodiwa, ambazo kwa muda mrefu zilikuwa mikononi mwa wanaume zaidi.

Kamusi

Kamusi za Kiswahili zilizotungwa nyakati za ukoloni zilikuwa na watu waliojali mimea. Charles Sacleux, padri aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka mwaka 1939, alikuwa mkusanyaji wa mimea wa daraja la juu, na jenasi Sacleuxia imeitwa kwa jina lake. P. J. Greenway wa Amani alichapisha mwaka 1937 orodha nzima ya majina ya mimea ya Kiswahili na ya kisayansi. R. O. Williams alitoa mwaka 1949 kitabu cha mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Katika kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili zilizofuata lengo lilikuwa jingine, nalo lilikuwa sahihi: kumweleza Mswahili neno kwa lugha yake. Lakini katika kuliondoa jina la Kilatini hakukuwekwa maelezo ya kulifidia, na kwa aina hiyo ya fasili asumini, kilua, afu na langilangi huweza kuwa kitu kimoja, "ua linukialo", vikitofautiana kwa tahajia tu. Mwanafunzi wa leo wa Dodoma au Bungoma hawezi kuijua tofauti hiyo, na wa Mjini Unguja naye anaanza kutoiweza.

Tiba si kurudisha Kilatini kwa ajili ya Kilatini. Inatosha fasili iseme kinachofanya ua hilo liwe hilo. Asumini: ua dogo jeupe lenye mrija, la mwasumini; hufunguka jioni, hunukia usiku na hutungwa makoja. Kilua: ua la mkilua, lenye petali zisizoungana, lisilo jeupe, hunukia kwa nguvu, hufungwa katika kikuba au hutiwa kati ya nguo. Maneno hayazidi mistari miwili kwa kila kidahizo, na mwanafunzi akiyasoma ataelewa kwa nini Mwana Kupona alitaja kutunga.